Dogo kapimwa puani kakutwa na bakteria na wala haumwi, apewe dawa?

Binti Pasua: Habari za asubuhi wakuu. Niko Moshi, mdogo wangu ana miaka 21 yupo chuo, juzi darasa lao wamepimwa pua kwa ajili ya utafiti, kijiti cha pamba kinazungushwa tundu hili halafu lile, anasema hakiumi ila machozi yanakutoka. Majibu yameandikwa Staphylococcus aureus. Dogo hana hata mafua, kila jioni yuko uwanjani, lakini anaolala nao chumba kimoja (wao hawakupimwa) wameanza kumtenga mpaka ndoo ya kuogea hawachangii tena, na mama keshanunua amoksilini. Roho inaniuma jinsi alivyonyamaza. Hivi ni ugonjwa huu?

Wa Maabara Arusha: Pole dada, na dogo mpe pole. Nafanya maabara mwaka wa tisa sasa, huo sio ugonjwa. Pima pua za watu kumi wasioumwa kitu, kama watatu hivi utawakuta nao, kwahiyo hao wanaomtenga huenda na wao wanao ila hawajui tu. Bakteria huyo anakaa pale mbele ya pua panapoota vinywele, kuna watu anakaa nao miaka na miaka, wengine anakuja na kuondoka. Tukimwotesha maabara kwenye sahani yenye chakula chake kilichochanganywa damu unaona vidoa vya mviringo vinang'aa, rangi ya njano hivi, ndo maana daktari Mjerumani Rosenbach mwaka 1884 akamwita aureus, yaani wa dhahabu.

Shida inakuja akipata mlango, mkwaruzo, wembe, kidonda cha upasuaji. Amoksilini msimpe jamani nawaomba, kwanza hakuna cha kutibu, pili wengi wa hawa bakteria wanatoa kimeng'enya kinachoivunja hiyo dawa, mtaua wanyonge wabaki sugu. Ila muulize kama majibu yanaonyesha ni wale wa MRSA, wale walioripotiwa Uingereza tangu 1961 kwamba dawa ya methisilini haiwawezi. Hata akiwa nao bado sio mgonjwa, ila ni vizuri ajue siku akienda hospitali aseme.

Mama Sakina: Mimi majipu yalinitesa miaka miwili aisee, kwapani na shingoni, moja likipasuka lingine linaanza kuwasha pembeni yake, nimemeza dozi nne tofauti mpaka tumbo likaharibika. Daktari mmoja ndo akauliza pua imewahi kupimwa? Kumbe bakteria walikuwa wanatokea huko, kidole kinatoka puani kinaenda kwenye ngozi. Nikapewa mupirosini ya kupaka ndani ya pua asubuhi na jioni siku tano na sabuni ya klorheksidini ya kuogea, taulo nikachemsha, wembe nikaacha kuchangia na mtu. Mwaka na nusu huu sijaota jipu. Ila mimi nilikuwa naumwa, huyo dogo haumwi.

Binti Pasua: Asanteni mno, nimemsomea mama yote. Sasa mama mwenyewe anafanyiwa upasuaji wa goti mwezi ujao na dogo ndo atamuuguza, vipi hapo?

Wa Maabara Arusha: Mwambieni daktari wa upasuaji mapema, ili mama mwenyewe apimwe pua, maana bakteria wa kidonda mara nyingi wanatoka puani kwa mgonjwa huyohuyo, na akikutwa nao anaweza kupewa hiyo ya kupaka kabla ya siku yenyewe. Dogo amuuguze tu, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa bandeji na asiguse pua katikati ya kazi.