Bustani ya uani imekusaidiaje moyo na sahani? Watu wa Tanga, tupeane uzoefu

Mwenye mada, Makorora:
Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Naanza mwenyewe. Mwaka jana nilifiwa na mume wangu. Eda ilipokwisha, ndugu wakarudi makwao, nikabaki na nyumba. Usingizi ulikuwa unakatika saa tisa usiku, nakodolea dari mpaka adhana ya alfajiri. Kupika nikaacha. Asubuhi chai na andazi, jioni chai tena.

Siku moja jirani yangu, bibi mtu mzima, akaingia uani na fungu la marando ya matembele. "Yapande leo, kesho yatakuwa yamekauka." Hakusema zaidi. Nikayapanda kwenye sandarusi tatu za udongo na samadi ya mbuzi. Yakalala siku nne, nikajua yamekufa. Siku ya tano alfajiri ncha moja imesimama, ina kijani kichanga, kidogo kama ukucha wa mtoto, kimebeba tone la umande. Nilichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Tangu hapo nikiamka usiku nina kitu cha kungojea kupambazuke.

Yalipotambaa vizuri nikachuma, nikayaunga kwa nazi, nikala na ugali. Ndiyo sahani ya kwanza niliyoimaliza tangu msiba. Haya, nanyi semeni.

Mzee, Chumbageni:
Pole sana mwanangu, Mungu amrehemu. Mimi mstaafu, na nina sukari. Kila kliniki naambiwa nile mboga za majani, nami nilikuwa nanunua kafungu kamoja kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, sasa kafungu kale kangefika wapi? Nikachimba matuta mawili ya mchicha. Nasia tuta moja, baada ya wiki mbili la pili, kwa kuwa mchicha unachumika ndani ya wiki tatu au nne. Mezani naukamulia ndimu, maana vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mboga. Dawa nameza vilevile.

Mama wa watoto wawili, Duga:
Mwanangu wa miaka mitano alikuwa anatema bamia. Nikampa mche wake kwenye ndoo iliyotoboka. Bamia la kwanza alilichuma mwenyewe, akalileta jikoni kalishika kwa mikono miwili, akasimama kwenye sufuria kulilinda lisije likaingia sahani ya dada yake. Akalila lote!

Kijana, Raskazone:
Dada pole. Naomba niongeze jambo. Mimi niliugua sonona. Nikilima napata nafuu ya saa moja, kisha giza linarudi. Na kisima chetu kina maji ya chumvi, miche ya nyanya ikaungua majani yote. Siku hiyo nililia. Kilichoniinua ni dawa na mshauri wa hospitali, bustani ikawa mkongojo. Kuna utafiti wa Uholanzi wa 2011: watu walipewa kwanza kazi ya kuwachosha akili, kisha wengine wakalima nusu saa na wengine wakasoma. Kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka kwa wote, ila zaidi kwa waliolima. Naliamini hilo kwa mwili wangu. Lakini mtu anayewaza kujidhuru msimwambie akapande mchicha tu. Msindikizeni hospitali, na mkae naye kwenye foleni.

Mwenye mada:
Ahsante mdogo wangu. Hilo la kukaa naye kwenye foleni nimelishika.

Mgeni, Mabawa:
Dada, marando yamebaki? Mama yangu hatoki chumbani tangu tumzike kaka.

Mwenye mada:
Yapo. Njoo kesho kabla jua halijapanda, uje na kitambaa kibichi cha kuyafungia. Ukiweza, njoo naye.