Tupeane uzoefu: Kathmandu ya miaka ya 70 na 80

Wakuu, tuliosoma India enzi zile wengi tulikuwa tukipanda Nepal wakati wa likizo. Treni hadi Raxaul, unavuka mpaka kuingia Birgunj, halafu basi na kona za milimani kutwa nzima. Habari za Everest tuwaachie wenyewe. Hapa tupeane ya mtaani: mlikula nini, mlioga wapi.

Mimi nilipanga kwa Wanewari, wenyeji wa bonde la Kathmandu, karibu na soko la Asan. Nyumba ya matofali mekundu, madirisha ya mbao ya kuchongwa, milango mifupi ya kumwadhibu mtu mrefu. Chini duka, katikati vyumba, jiko juu kabisa chini ya paa, na huko mgeni asiye wa tabaka lao haingii. Sikununa: pepeta na chai asubuhi, baadaye wali, dengu na achari, vyote vinaletwa chumbani, na mama mwenye nyumba anaongeza kabla hujamaliza.

*

Kaka, umesahau hiti! Mabomba ya mawe yaliyochongwa vichwa vya wanyama, unayashukia kwa ngazi chini ya usawa wa barabara. Hayakuwa na koki, maji yalikuwa yanamwagika usiku na mchana. Ile Manga Hiti ya Patan, mji jirani na Kathmandu, ni ya mwaka 570, na sisi tulikuwa tunachota humohumo. Alfajiri mitungi ya shaba imepanga foleni, kina mama wanafua, wanaoga wamejifunga kitambaa kifuani kama sisi na kanga, na umbea haukosekani. Baridi ya Januari ilinitesa, lakini jua likitoka wote juu ya paa: pilipili zinaanikwa, watoto wachanga wanakandwa mafuta ya haradali.

*

Mimi kilichonivuruga ni saa. Ukitoka India unasogeza mbele dakika 10. Mwaka 1986 wakaongeza zikawa 15. Na mapumziko yalikuwa Jumamosi, Jumapili watu kazini.

*

Mahamali je? Mzigo kwenye kikapu mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso, mtu anapandisha kabati hivyo! Na huku kulikuwa na mabasi ya umeme ya Wachina, tangu 1975, yakienda mji jirani wa Bhaktapur.

*

Mkuu, hayo mabasi nimeyapanda sana. Kuna aliyekuwepo wakati wa sikukuu ya Dashain? Zile bembea za mianzi, watu wazima nao walikuwa wanapanda, au ni mtaa wetu tu?