Kiitikio chetu hakipandi, tusaidieni

Mwana_Arua: Habari zenu wakuu. Tuna bendi ndogo hapa Arua: gitaa, besi, ngoma, na mimi kwenye kinanda. Tumetunga wimbo wa Kiswahili kwa mtindo wa The Killers, bendi ya Marekani, ile roki inayobebwa na kinanda ambayo ukiisikia unatamani kukimbia mpaka Pakwach. Maneno yana huzuni, kijana anamuaga dada yake anayehamia mbali, ila tunataka watu wanyanyuke. Tukifika kwenye kiitikio hakuna kinachobadilika, tunaongeza sauti tu na spika zinakwaruza. Tunakosea wapi?

Besi_Jinja: Mnaanza wote kwa nguvu, sivyo? Kiitikio hupanda pale ubeti ulipobanwa. Kwenye ubeti piga noti zako nne, uzirudie bila kuchoka. Gitaa lizibwe kwa kiganja, besi ikae kwenye noti moja. Kiitikio kikiingia, wewe endelea na nne zilezile, besi ndiyo ihame. Msikilizaji atadhani umebadilisha kinanda! Hapo ndipo mwili unaposisimka, nakuapia. Mwimbaji naye apande oktavu, yaani noti zilezile ila ngazi nzima juu, kama koo linamruhusu.

Dada_Mbarara: Huzuni msiiondoe, tafadhali. Jina la The Killers limetoka kwa bendi ya kubuni iliyo kwenye video ya New Order. Na New Order wenyewe, wa Manchester, walianza 1980 baada ya bendi yao ya awali, Joy Division, kumpoteza mwimbaji wao, Ian Curtis. Waliofiwa ndio waliotupa muziki huu wa kuchezeka. Kijana amuage dada yake kwa uchungu wote, kinanda kitamnyanyua.

Fundi_Mitambo: Unatumia sauti gani? Ya piano itamezwa na gitaa. Tafuta sauti ya sintesaiza yenye makali, anza kichujio, kile kinachokata makali ya sauti, kikiwa kimefungwa, isikike kama imefunikwa blanketi, kisha kifungue taratibu mistari miwili kabla ya kiitikio. Punguza pia noti za chini za mkono wa kushoto, zinagombana na besi. Huenda ndizo zinazokwaruza spika.

Mwana_Arua: Asanteni sana, nimeelewa. Ila kinanda ni cha kuazima kanisani, hakina kichujio.

Fundi_Mitambo: Basi ubeti upige oktavu ya kati, sauti chini, kwenye kiitikio uruke oktavu moja juu. Mpiga ngoma asiguse matoazi mpaka hapo. Mkirekodi mazoezi, tuwekee tusikie.