Grafu ya kompyuta imetupotosha darasani: nirudi kwenye daftari la miraba?

Mwalimu wa Ng'ambo
Assalam aleikum walimu wenzangu. Nafundisha hisabati Gredi ya Tano, upande wa Likoni, Mombasa: watoto 42, laptopu moja, na projekta tunayopokezana na Gredi ya Sita. Wiki iliyopita tulihesabu mahudhurio yetu wenyewe. Jumatatu 41, Jumanne 38, Jumatano 40, Alhamisi 39, Ijumaa 36. Nikaingiza nambari kwenye chombo cha bure cha kuchorea grafu mtandaoni, pau zikasimama ukutani kwa rangi, watoto wakapiga makofi.

Msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye aweza kunyamaza wiki nzima, akainua mkono. "Mwalimu, mbona Ijumaa ni kama hatukuja?"

Nikatazama vizuri. Pau ya Ijumaa ilikuwa kijipande tu, ya Jumatatu imeipita mara sita. Mhimili wa wima haukuanzia 0, ulianzia 35! Na mimi nilikuwa nimesimama pale muda wote, sikuona.

Chombo chenyewe nakipenda. Tukichora kwa mkono, kipindi kizima huishia kwenye rula na kufuta, na wakati wa kuuliza grafu inasema nini haubaki. Lakini ikiwa inapotosha hivi mbele ya watoto, nifanyeje?

Ticha Kisauni
Usirudi nyuma, mwalimu. Programu nyingi hujichagulia pa kuanzia ili tofauti ionekane. Kwa pau hilo ni kosa, maana jicho hupima urefu wote kutoka chini. Ukitumia Google Sheets, bonyeza grafu mara mbili, ingia kwenye mipangilio ya mhimili wa wima, kisha andika 0 kwenye kima cha chini. Bando likiisha, LibreOffice Calc ni ya bure na haihitaji intaneti ukishaiweka kwenye laptopu.

Bi Mkubwa wa Majengo
Mwanangu, huyo msichana mpe hongera yake mbele ya wenzake. Na ile grafu mbaya usiifute, ionyeshe pamoja na nzuri.

Mimi huanza na vizibo vya soda sakafuni, kizibo kimoja kwa mtoto mmoja, safu kwa safu. Aliyepanga vizibo 36 kwa mkono wake hakubali kuonyeshwa kimoja. Kompyuta hufuata baadaye.

Jambo jingine, na hili laniuma hadi leo. Mwaka mmoja niliwauliza wamekunywa chai na nini: mahamri, mkate, viazi karai, au uji. Pembeni ikabaki pau fupi ya "sikula", watoto watatu. Darasa zima likageuka kuwatafuta ni kina nani. Tangu hapo nahesabisha vitu vya nje ya nyumba za watu. Tuktuk zinazopita langoni kwa robo saa zatosha.

Baba wa Bamburi
Mimi si mwalimu, nafanya kazi ya takwimu na nina wawili shule ya msingi. Wafundisheni pia kuchagua aina ya grafu, kwa sababu chombo kitachora chochote utakachobonyeza. Mskoti William Playfair alipochapisha grafu zake London mwaka 1786, biashara ya Uingereza aliichora kwa mistari kwa kuwa alikuwa na takwimu za miaka mingi. Ya Scotland alikuwa na ya mwaka mmoja tu, basi akachora pau kwa kila mojawapo ya sehemu 17 ilizofanya nazo biashara. Watoto wa mji wenye bandari wataelewa hilo upesi.

Mwalimu wa Ng'ambo
Shukran nyote. Leo tumepanga vizibo, vikafika hadi mlangoni. Kisha nikamwita yule msichana kwenye laptopu, akaandika 0 mwenyewe. Pau ya Ijumaa ikapanda ikawa karibu sawa na nyingine. Akaomba airudishe 35, kisha 0, kisha 35 tena, na wenzake nyuma wakibishana kwa sauti ipi ni ya kweli wakati nambari ni zile zile.

Halafu mmoja akauliza wale sita wa Ijumaa walikuwa wapi, tuichoree grafu. Nikamkumbuka Bi Mkubwa. Hiyo hatukuichora. Kesho twatoka langoni na madaftari kuhesabu tuktuk.