Diski imenasa ubavuni mwa kikapu: imeingia au haijaingia?

Mrushaji_MN: Wakuu, naombeni msaada. Jumamosi hapa Minneapolis, Marekani, tukicheza gofu ya diski (unarusha diski mpaka itue kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo juu yake), shimo la 18, nimerusha kutoka kama mita tisa. Diski ikashuka chini ya minyororo, ikachoma ubavu wa kikapu kwa nje na kunasa kwenye vyuma, nusu ndani nusu nje. Wenzangu wakagoma, eti lazima ipitie juu. Zamani ndivyo ilivyokuwa, lakini tangu 2022 kanuni za PDGA, chama cha gofu ya diski, zinasema ikitulia imeshikiliwa na kikapu au minyororo, imeingia. Wakaniandikia mirusho 4 badala ya 3 kwenye kadi ya alama, na hapa mwenye michache ndiye mshindi. Kadi nimekuja kuiona nyumbani.

Pwani_Halisi: Kurusha visahani nako kuna kanuni? Sisi tulirusha vifuniko vya ndoo mpaka magharibi na hakuna aliyeshika kalamu.

Mrushaji_MN: Visahani? Vidole vyangu vina sugu. Njoo upitishe diski mita 80 katikati ya miti bila kugusa tawi, ndipo uniambie habari za ndoo.

Kedi_Mstaafu: Subirini. "Kadi nimekuja kuiona nyumbani"? Mdogo wangu, nimebeba mifuko ya gofu miaka 19, hilo limeniuma. Mashindano ya gofu ya Masters ya 1968, Roberto De Vicenzo alipata mapigo 3 shimo la 17, mwenzake Tommy Aaron akamwandikia 4. Mzee akasaini. Mapigo yake 65 yakawa 66, Bob Goalby akabeba ushindi. Kadi ni yako, usimlaumu mtu.

Dada_Kanuni: Kaka kedi, unachanganya madesa. Hiyo ni gofu ya mpira. Kwenye diski, kadi yenye kosa inasahihishwa, halafu mwenye kadi anaongezwa mirusho 2 ya adhabu. Kwa hiyo ukienda kudai 3 yako, unarudi na 5. Ulipobishiwa ungemalizia tu, alama zote mbili zikaandikwa, mwamuzi akaamua mwishoni.

Kedi_Mstaafu: Mwenye kadi ndiye aadhibiwe? Aliyeandika uongo je?

Dada_Kanuni: Si umesema mwenyewe kadi ni yake?

Minyororo_Ilie: Mimi hiyo 2022 siikubali mpaka kesho. James Conrad, ubingwa wa dunia wa gofu ya diski 2021 kule Ogden, Marekani, karusha kutoka futi 247, shimo la mwisho, anamfukuzia Paul McBeth. Minyororo ililia! Hilo ndilo kuingia. Yako imejikwaa kwenye chuma.

Mrushaji_MN: Kanuni haisemi ilie. Inasema ishikiliwe. Na ilishikiliwa, nimeichomoa kwa mikono miwili!

Kedi_Mstaafu: Nani aliandika hiyo 4?

Mrushaji_MN: Shemeji yangu. Nilimwamini.

Kedi_Mstaafu: Pole sana. Lakini Jumamosi ijayo soma kadi kabla hujafungua maji ya kunywa.

Pwani_Halisi: Samahani kwa lile la ndoo, mkuu. Hicho kikapu fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza? Nina uwanja nyuma ya nyumba hapa Tanga na watoto wa kaka wako likizo.