Ushauri: Falsafa ya Wastoiko imenipa amani, nyumbani nimenuniwa

Kijana wa Ilomba: Wakuu habari za majukumu. Nipo Mbeya, miaka 34, mke na mtoto mmoja. Nilikuwa mtu wa kukimbizana na vitu: fulani kabadili simu na mimi nibadili, jirani kashusha sofa za L, silali. Tangu Mei nafuatilia Wastoiko, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, na nimetulia kabisa. Mmoja wao, Epictetus, alizaliwa mtumwa, mguu mbovu, lakini alitulia kuliko sisi wenye ving'amuzi. Nimepunguza vitu ndani. Shida ni mama watoto, wiki ya pili hatusemeshani. Chakula naletewa kimefunikwa, anaondoka. Nifanyeje anielewe? Matusi hapana.

Mbao za Mafinga: Kwanza picha ya hizo sofa za jirani.

Shangazi wa Tukuyu: Mwanangu, hao Wastoiko wapo Matendo 17:18, walijadiliana na Paulo kule Athene. Na Paulo huyo huyo aliwaandikia Wafilipi kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote, tena akiwa kifungoni. Sala ya jioni mnasali pamoja?

Parachichi Mbivu: Nakuelewa sana mkuu. Mimi niliuza parachichi Rungwe, hela yote nikanunua sabufa la taa taa. Nyumba haina umeme! Nikawa nalifuta vumbi tu na kulitazama. Nguzo zilipofika, panya walishakula waya.

Kaa Kibarazani: Jina Wastoiko limetoka kwenye stoa, maana yake ni baraza. Mwanzilishi wao, Zeno, alikuwa mfanyabiashara, meli ikamzamia, akaja kufundisha kwenye baraza lenye michoro pale Athene, karibu mwaka 300 KK. Basi tuongee kibarazani. "Nimepunguza vitu". Vitu gani, na vya nani?

Kijana wa Ilomba: Vya kawaida tu. Kabati, redio.

Kaa Kibarazani: Mwanamke hanuni wiki mbili kwa redio.

Kijana wa Ilomba: Haya, na friji. Nimeuza 280,000. Ni lake, alinunua kwa hela ya kikoba, anauzia juisi na maziwa mgando. Lakini nisikilizeni kwanza. Marcus Aurelius, Mstoiko pia, alikuwa mfalme wa Roma na inasimuliwa aliuza vyombo vya ikulu kugharamia vita. Mwenzao Seneca alishauri utenge siku chache ule kikavu, uvae duni, ujue umaskini hautishi. Halafu Mbeya hii ya Julai, nani anakunywa juisi ya baridi?

Mbao za Mafinga: Kwa Julai namuunga mkono. Huku kwetu ndoo ikilala nje, asubuhi unaivunja kwanza ndiyo unanawa.

Kaa Kibarazani: Marcus aliuza vya ikulu kwa ajili ya vita vya dola nzima. Seneca alikuwa tajiri wa kutupwa, siku zikiisha anarudi mezani. Na Epictetus wako aliibiwa taa ya chuma, akasema kesho atatafuta ya udongo. Taa ilikuwa yake, hakwenda kuuza ya mwenzake. Hao watu wanatenganisha yaliyo mikononi mwako na yasiyokuwemo, na friji la mwenzio halimo. Hela imekwenda wapi?

Kijana wa Ilomba: Rejesho.

Kijana wa Ilomba: Mwezi wa nne nilikopa kausha damu 600,000, nikaongezea nikachukua simu ya macho matatu. Kila Jumatatu 45,000. Simu nimeshaamua nabaki nayo, ukiuza unapata nusu, hasara ya bure.

Parachichi Mbivu: Kumbe deni lilitangulia, falsafa ikaja na bodaboda.

Mtego wa Panya: Wakuu mnanyweshwa chai. Machi huyu huyu alifungua uzi: "Bachela wa Kyela, natafuta mchumba mwenye hofu ya Mungu." Leo ana mke, mtoto na Epictetus.

Parachichi Mbivu: Chai ya Rungwe kabisa, majani mabichi.

Shangazi wa Tukuyu: Jamani, mimi nilishaanza kumwombea.

Mbao za Mafinga: Mchumba wa Kyela alipatikana lakini?

Kijana wa Ilomba: Ule uzi ni wa mdogo wangu, alirithi simu yangu ya zamani na akaunti ikiwemo. Anayesema chai aje Ilomba aone. Friji lilipokuwa, sakafu imebaki mraba mweupe, pembeni vumbi lenye mafuta. Chini yake kulikuwa na gololi ya mtoto, vizibo viwili vya soda, na daftari la mama watoto, nadhani lilidondokea nyuma. Jana nimelifungua. Anaandika kwa penseli, kila chupa na kila anayedaiwa. Juni yote, na baridi hii, faida 94,000. Mimi nilimwambia friji linakula umeme tu.

Mtego wa Panya: Vizibo nimeviamini. Endelea.

Shangazi wa Tukuyu: Aliyenunua unamfahamu?

Kijana wa Ilomba: Yupo Mwanjelwa. Nimempigia, anataka 350,000.

Kaa Kibarazani: Na hiyo simu ya macho matatu, hata kwa nusu bei, inatoa ngapi?

Kijana wa Ilomba: Ndiyo hii naandikia mkuu. Subiri kidogo, chaji imebaki asilimia 4.