WhatsApp ya mwalimu mkuu imetekwa, wazazi wametuma karo kwa mwizi

Karani wa Kisauni
Salaam aleikum wenzangu. Mimi ni karani wa shule ya kibinafsi huku Kisauni na niko kwenye dhiki. Jana asubuhi mwalimu mkuu alipigiwa simu na mtu aliyejidai ni wa wizarani, eti amwingize kwenye mkutano wa mtandaoni. "Utaletewa tarakimu sita, nisomee." Akamsomea. Punde WhatsApp yake ikamtoa, na kundi la wazazi likapata ujumbe wenye jina na picha yake: nambari ya biashara ya shule ina hitilafu, karo itumwe kwa nambari ya "mhasibu". Mzazi akiuliza, anajibiwa kwa adabu: niko mkutanoni, siwezi kupokea simu.

Kuna mama muuza viazi karai alikuja dirishani kwangu na simu mkononi aniombe risiti. Jina lililo kwenye ujumbe wake wa M-Pesa halijulikani hapa shuleni. Sikuwa na la kumwambia.

Mkurugenzi anataka tunyamaze, tusiharibu jina la shule. Nami kinachoninyima usingizi ni kwamba wakati mwizi yumo, walimu wawili walimtumia "mwalimu mkuu" orodha za Gredi ya 6: majina ya watoto, nambari za vyeti vya kuzaliwa, simu za wazazi. Nianzie wapi?

Fundi Simu, Makadara
Dadangu, anza na laini. Kama bado anayo, aingize nambari yake upya WhatsApp, aombe tarakimu sita kwa SMS. Akiziweka tu, mwizi anatolewa. Akidaiwa na pini ya hatua ya pili, basi mwizi ameiweka yeye; atasubiri siku 7 ndipo aingie bila pini hiyo, lakini mwizi hayumo tena. Akirudi aweke pini yake. Na mwalimu mwingine aandike kundini sasa hivi, wazazi wasiendelee kutuma.

Mama Wawili, Likoni
Pole sana mwanangu. Kila aliyetuma apeleke ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456, nambari ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, bila kukawia, kama pesa hazijatolewa huenda zikazuiwa. Na huyo mama wa viazi msimfukuzie mtoto karo, jamani. Alitii ujumbe uliokuja kwa jina la shule.

Wakili wa Bamburi
Bi Karani, mwambie mkurugenzi kunyamaza si hiari yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa saa 72 tangu ajue kumwarifu Kamishna wa Data, data ikivuja na kuna hatari ya kweli ya madhara. Na wenyewe pia waambiwe, yaani wazazi wa hao watoto. Vyeti vya kuzaliwa vikiwa mikononi mwa mwizi, hatari ipo. Mwaka 2023 Kamishna aliitoza shule moja Sh 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Hapo hapakuwa hata na mwizi. Polisi nendeni leo, mchukue nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo. Kesi iko chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018.

Karani wa Kisauni
Ahsanteni sana. Mwalimu mkuu ameirudisha, pini haikuwa imewekwa. Mkurugenzi nimemsomea maneno ya wakili, amekubali. Barua ya wazazi naichapa sasa, kila mtoto ataondoka nayo saa tisa. Yule mama nitampigia mwenyewe.